Madoa meupe kwenye vioo vya ghorofa nne Upanga, na nimepewa kamba moja. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Kijana_wa_Vioo

Wakuu, habari za majukumu. Nina miezi saba kwenye kazi ya kusafisha vioo hapa Dar. Nilianza na maduka ya chini, ndoo, brashi na mpira wa kuvutia maji basi. Sasa nimepata jengo la ghorofa nne Upanga, mimi na mdogo wangu.

Vioo vya upande wa nyuma vina madoa meupe, matone matone. Nimepiga sabuni mara tatu. Kioo kikiwa kimelowa kinang'aa, kikikauka madoa ni yaleyale. Kuna mtu kaniuzia dumu la dawa lisilo na maandishi yoyote, anasema linamaliza kila kitu. Ukilifungua linatoa moshi na linachoma puani. Bado sijalitumia.

La pili, msimamizi wa jengo kanipa kamba moja ya manila na mkanda wa kiunoni. Anasema walionitangulia walishuka hivyohivyo, wakifunga kwenye stendi ya simtanki kule juu ya paa. Mdogo wangu ndiye mwepesi, anataka ashuke yeye. Ana miaka 19, mama kamkabidhi kwangu. Naomba kuwasilisha.

Kamba_Mbili

Mdogo wangu, nimekusoma mara mbili. Jumamosi huyo kijana asishuke. Naanza na kamba, vioo vitasubiri.

Kazi hii naifanya tangu 2009: Posta, Kisutu, Masaki. Mwaka 2013 mwenzangu alikuwa ghorofa ya tatu kwa kamba moja kama hiyo uliyopewa. Ukingo wa paa ulikuwa zege tupu, halijapigwa lipu, lina makali. Kila akijisogeza kushoto na kulia kukifuata kioo, kamba inasagwa pale juu, na juu hakukuwa na mtu. Ikakatika. Aliangukia kibaraza cha ghorofa ya kwanza, nyonga ikavunjika. Yu hai, anauza vocha, lakini hatembei bila gongo. Tajiri wetu hakuwa amemsajili popote, hela ya hospitali tulichangishana sisi vibarua.

Tangu siku ile sishuki bila kamba mbili. Moja ni ya kazi, ndiyo unayoikalia. Ya pili ni ya kukuokoa: ina kishikio kinachoteremka pamoja nawe, na ya kwanza ikikatika kinabana. Kila moja ifungwe mahali pake. Ukizifunga zote kwenye nguzo moja, nguzo iking'oka mmekwenda na zote mbili. Stendi ya simtanki usiiguse kabisa. Ile imejengwa kubeba uzito unaokandamiza kwenda chini, haikujengwa kuvutwa ubavuni, na tanki likiwa tupu unaliangusha na wewe uko chini yake. Bomba la reli ya ngazi hapana, chuma cha kiyoyozi hapana. Tafuta nguzo za zege zilizotoka ndani ya jengo, kila kamba na yake. Kamba inapopita ukingoni, ivalishe mpira mnene uliopasuliwa, na mtu mmoja akae hapo juu muda wote, kazi yake kutazama pale tu.

Mkanda wa kiunoni ukianguka nao mshtuko wote unaishia tumboni na mgongoni. Unaohitajika ni wa mwili mzima, unapita mapajani na mabegani, lebo yake imeandikwa EN 361, kiwango cha Ulaya cha mikanda hiyo. Ukiuona wa mtumba Kariakoo umekatwa lebo, uache. Wenye lebo nao pitisha kidole mshono kwa mshono. Palipochanika, palipoungua au palipokakamaa kwa dawa, uache. Mkanda uliokwishadaka mtu aliyeanguka hautumiki tena, hata kama kwa macho hauna kasoro.

Na hili wengi hatukufundishwa. Ile kamba fupi ya mita 2 yenye kifyonza mshtuko, mpaka ifunguke yote na kukushika, inataka kama mita 6 za uwazi chini ya pale ulipoifunga. Ukiwa ghorofa ya kwanza utafika ardhini kabla haijakudaka. Huko chini tumia ngazi: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani.

Kisha muulize mdogo wako: ukizimia unaning'inia, nani anakushusha, na kwa kifaa gani? Mtu akining'inia kwenye mkanda bila kujitikisa, damu inabaki miguuni, na anaweza kufa kwa muda mfupi hata kama hana jeraha. Namba 114 ya Zimamoto iwe kwenye simu, lakini foleni za mjini unazijua. Ndiyo maana nakwambia kushuka kwa kamba hakufundishwi humu kwa kuandikiana. Ghorofa za juu wachukue timu yenye vyeti vya IRATA, chama cha kimataifa cha wafanyakazi wa kamba, wewe chukua za chini na za ndani. Msimamizi akikubishia, mkumbushe Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, na kwamba OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wana haki ya kuja kukagua.

Sasa vioo. Nenda jikoni ukatazame birika la chai la zamani. Lile ganda jeupe la ndani ndilo hilo doa lako. Ni chokaa iliyokuwa ndani ya maji: maji yamekauka juani, yenyewe imebaki. Sabuni haina uwezo nayo, inataka kitu kichachu. Chukua siki nyeupe, lowesha kitambaa, kibandike dakika tano hadi kumi kioo kikiwa kivulini, sugua kwa sponji laini isiyokwaruza, suuza sana. Isidondokee marumaru wala terazo, italila jiwe. Anza na kona moja ya kioo kimoja kabla hujataja bei.

Halafu uliza maji yanatoka wapi. Kama ni ya kisima cha hapo jengoni, unaongeza doa kila unapoosha. Siri ya mpira wa kuvutia maji ni kwamba hauachi tone la kukaukia pale. Mpira ukipata hata pengo dogo utachora mstari, ugeuze upande wa pili au ununue mwingine. Asubuhi osha upande wa magharibi, mchana hamia mashariki, jua lisikutangulie.

Dada_wa_Nyali

Ndugu yangu, naandika kutoka Mombasa, nina wasichana sita wa usafi. Hilo dumu usilifungue tena. Kinachotoa moshi hivyo yawezekana ni asidi ya haidrokloriki, na hiyo itababua fremu zako za alumini. Ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, na kwa choo kilichofungwa gesi hiyo yaua. Yawezekana pia ni ya haidrofloriki, ambayo ni mbaya zaidi: inapenya ngozi na kushika kalisiamu ya mwili, na maumivu huweza kuja saa kadhaa baadaye, wakati tayari imeshadhuru. Kioo chenyewe inakila kikabaki na ukungu usiofutika. Dawa isiyo na jina hata daktari hajui akutibu nini.

Sisi huku upepo wa bahari hutuletea chumvi na mchanga. Twasuuza kwanza kwa maji mengi, ndipo kitambaa kiguse kioo. Ukifuta kikavu, mchanga ndio msasa wako. Wembe vilevile, kioo kilowe kwanza, usukume kwenda mbele tu, usiurudishe nyuma.

Kijana_wa_Vioo

Kaka Kamba Mbili, dada, Mungu awabariki. Nimeongea na msimamizi leo. Alikasirika, nikamrudishia kamba na mkanda wake mkononi. Jioni kapiga simu: nifanye chini, ghorofa ya kwanza kwa ngazi, na ndani kote. Za juu anatafuta watu wa kamba. Malipo yamepungua karibu nusu. Dogo amenuna.

Siki nimejaribu vioo vitatu. Viwili vimetakata kabisa. Cha tatu, chini ya ukuta uliopigwa lipu mwaka jana, doa limepungua ila ukipitisha kucha unahisi kikwaruzo. Nisugue zaidi?

Kamba_Mbili

Acha hapo. Hayo ni maji ya saruji yaliyochuruzika kutoka kwenye lipu, yameshakila kioo. Kipige picha leo, umtumie msimamizi kabla hujaendelea, asije akasema umekiharibu wewe. Dumu usilimwage mtaroni, mrudishie aliyekuuzia likiwa limefungwa vizuri. Na dogo mlete Jumapili asubuhi hapa kwangu Kigamboni, nina mkanda wa mwili mzima na boriti. Aje aning'inie dakika mbili tu, miguu yake itamweleza.