The Americans au Homeland: ipi imewajenga wahusika wake vyema zaidi?

Shushushu Mstaafu: Wanajukwaa, naomba tuzilinganishe tamthilia hizi kwa wahusika na usimulizi tu, mapigano tuyaweke kando. Homeland (2011–2020) inamfuata Carrie Mathison, afisa wa CIA anayewaficha wakubwa wake ugonjwa wa akili alio nao. The Americans (2013–2018) inawafuata Philip na Elizabeth, majasusi wa KGB, shirika la ujasusi la Muungano wa Kisovieti, wanaojifanya wanandoa wa Kimarekani karibu na Washington katika miaka ya 1980. Kwangu The Americans inashinda, kwa kuwa kila uongo unaosemwa humo hudaiwa baadaye. Mtazameni Martha, katibu muhtasi wa FBI, aliyeolewa na Philip akimjua kwa jina la Clark: siku mumewe anapovua wigi taratibu mbele yake, anatambua kwamba hajawahi kuuona uso wa mtu aliyelala naye.

Bi Riwaya: Ndugu yangu, hapo umeipunja Homeland. Mwishoni mwa msimu wa kwanza Brody, mwanajeshi wa Marekani aliyetekwa kisha akageuzwa na magaidi, yumo ndani ya handaki pamoja na Makamu wa Rais, amevaa fulana ya mabomu, na kinachomzuia ni sauti ya binti yake kwenye simu. Carrie, aliyemsihi binti huyo apige, anaonekana kichaa mbele ya kila mtu ilhali ndiye pekee aliye sahihi. The Americans haina mhusika wa namna hiyo.

Kizito: Msimu huo ni mzuri, sibishi. Tatizo ni kwamba waandishi walimng'ang'ania Brody hadi aliponyongwa Tehran katika msimu wa 3, na baada ya hapo Carrie akawa anahamishwa mji hadi mji, miji yenyewe ikiwa mapambo tu. Mwaka 2015 wasanii waliopewa kazi ya kuchora maandishi ya Kiarabu kwenye kuta za seti waliandika kwamba tamthilia hiyo ni ya kibaguzi, na maneno hayo yakarushwa hewani bila watayarishaji kugundua.

Shushushu Mstaafu: Dada, hoja ya Carrie naipokea. Hata hivyo, tazama mwisho wa The Americans: Stan, afisa wa FBI aliye jirani wa Philip na Elizabeth, anawanyooshea bastola ndani ya gereji, wanazungumza kwa kirefu, kisha anawaacha waondoke. Hakuna risasi hata moja.

Bi Riwaya: Hapo ndipo penye walakini. Stan huyo huyo alimuua Vlad, kijana wa KGB, katika msimu wa kwanza kulipiza kifo cha Amador, mwenzake wa FBI, naye Amador aliuawa na Philip. Kama kila kitu hudaiwa, deni hilo lilifutwa na nani?