Pikapu ya zamani inakosa moto kila mvua inaponyesha: nianzie wapi?

MwenyePikapu

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kuhusu pikapu yangu ya zamani ya petroli, yenye silinda 4, kabureta na distributa (kile kinachogawa umeme kwa plagi). Siku za jua inawaka mara moja na inapanda kilima ikiwa na mzigo bila shida yoyote. Mvua ikinyesha usiku kucha, asubuhi starta huzungusha injini kwa muda mrefu bila kushika, na ikishika hutetemeka gari zima, na nikikanyaga mafuta inapiga mlipuko mdogo kwenye kabureta. Baada ya kama dakika 15, injini ikishapata joto, inatulia kabisa, isipokuwa nikipita kwenye dimbwi, ambapo ugonjwa hurudi kwa muda kisha hupotea tena.

Nimeshabadilisha plagi zote na kusafisha kabureta. Fundi amepima nyaya za plagi kwa mita akaniambia kwamba ni nzima, na sasa ananishauri ninunue pampu ya mafuta. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba kila ninapomfikia jua limeshatoka, gari limekauka, na hakuna cha kumwonyesha. Je, ninunue pampu au kuna jambo ambalo hatujalitazama?

SpanaKumiNaNne

Pole sana, mkuu. Mimi ningeanza na maji ndani ya tangi. Mpira wa kifuniko cha tangi ukichakaa, mvua hupenya, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, mahali pale pale bomba linapovuta mafuta. Mwaga kidogo kilichomo kwenye bakuli la kabureta katika chupa ya kioo, ukiache kitulie, kisha utazame kama kuna tabaka mbili.

FundiUmeme

Kipimo hicho cha chupa ni kizuri na hakina gharama, kwa hiyo kifanye, lakini sitarajii kama utakuta maji. Maji yaliyomo kwenye tangi hayaondoki kwa sababu injini imepata joto, wala hayasubiri dimbwi ili yarudi. Ugonjwa unaokuja na unyevu na kuondoka na joto uko nje, juu ya injini, mahali ambapo maji yanaweza kutua na kukauka. Kwa maoni yangu, pampu usiinunue kwa sasa.

Koili, yaani kifaa kinachopandisha umeme wa betri kwa ajili ya plagi, hutoa volti zaidi ya 10,000, na umeme wa nguvu hiyo hutafuta njia iliyo rahisi kuliko kuruka pengo la plagi. Siku kavu, waya wenye ufa mwembamba au kifuniko cha distributa chenye uchafu bado huweza kuuzuia. Ukiongeza utando wa maji uliochanganyika na vumbi na mafuta, umeme hupita juu ya utando huo hadi kwenye chuma cha injini, na silinda husika inakosa moto. Petroli yake haiungui, na ndiyo maana unaona mtetemo ule.

Kuhusu kipimo cha mita, fundi wako hakukudanganya, lakini mita ilijibu swali jingine. Mita hutumia volti chache tu kupima kama kiini cha waya kinapitisha umeme kutoka ncha hadi ncha. Haiwezi kukuonyesha kama ganda la nje linavuja chini ya maelfu ya volti. Waya unaweza kupita kipimo hicho vizuri kabisa na bado ukavuja kila mvua inaponyesha.

Kwa hiyo usisubiri mvua, itengeneze mwenyewe. Ngoja giza liingie, egesha gari nje mahali penye hewa ya kutosha, vuta breki ya mkono, weka gia huru, washa injini na ufungue boneti bila taa yoyote. Chukua chupa ya kunyunyizia, ile inayotoa maji kama ukungu, na unyunyizie kidogo kidogo, kwanza kwenye koili, kisha kwenye kifuniko cha distributa, kisha waya mmoja baada ya mwingine hadi kwenye vikofia vya plagi. Usielekeze maji kwenye bomba la moshi lenye moto, wala usishike nyaya hizo kwa mkono injini ikiwa inanguruma, na weka mikono na nguo mbali na feni. Mahali injini itakapoanza kutetemeka ndipo penye kosa, na mara nyingi utaona cheche za buluu zikiruka na kusikia mlio wa tiki, tiki.

MwenyePikapu

Nimefanya kama ulivyoelekeza, ndugu yangu, na nimeona kwa macho yangu. Chupa ya petroli haikuwa na maji. Nilipofika kwenye waya wa silinda ya 3, cheche ya buluu ilianza kurukia kibano cha chuma kinachoushikilia, na injini ikatetemeka papo hapo. Nilipozima na kufungua kifuniko cha distributa, ndani nilikuta matone madogo ya maji, na kati ya nguzo mbili kuna kimstari cheusi chembamba chenye matawi, kama mtu amechora mzizi kwa penseli. Je, nikikikwangua kwa msasa kitatosha?

FundiUmeme

Hapana, usikwangue. Kimstari hicho ni plastiki iliyoungua na kugeuka kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Ukikikwangua utaacha mkwaruzo unaoshika unyevu, na njia itajichora tena palepale. Nunua kifuniko kipya, rota mpya (kile kinachozunguka ndani ya distributa) na nyaya zote 4, kwa sababu zilizobaki zina umri ule ule wa huo uliovuja. Badilisha waya mmoja mmoja ili usichanganye mpangilio wa uwashaji, yaani zamu ya silinda kupata cheche, na uzirudishe zote kwenye vishikio vyake. Katika injini nyingi za silinda 4 mpangilio ni 1-3-4-2, yaani silinda ya 3 na ya 4 zinafuatana na pia ziko jirani, kwa hiyo nyaya zake mbili zisilazwe zikigusana kwa urefu. Paka silikoni kidogo ya kuhami umeme ndani ya vikofia vya mpira, kwani huzuia maji kuingia.

BonetiWazi

Niongeze jambo moja. Matone ya ndani yana chanzo chake, na ukifunga kifuniko kipya bila kukitafuta utayaona tena. Kagua mpira au gasketi ya kifuniko, na kama distributa yako ina kitundu cha kupumulia, hakikisha hakijazibwa na matope. Kisha lala chini utazame kinga ya matope iliyo kando ya injini, nyuma ya tairi la mbele. Magari mengi ya umri huu yameshatolewa kinga hiyo wakati wa matengenezo na haikurudishwa, na dimbwi hurusha maji moja kwa moja kwenye distributa.

MwenyePikapu

Kinga haipo kabisa, yamebaki matundu ya skrubu tu. Vifaa vitafika baada ya siku chache, na gari nalihitaji kesho asubuhi. Nifanye nini kwa sasa?

FundiUmeme

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko, kifute ndani na nje kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, ufute pia nyaya na shingo ya koili, kisha unyunyizie dawa ya kufukuza maji kama WD-40, ambayo ilitengenezwa mwaka 1953 kwa kazi hiyo hiyo ya kuondoa unyevu. Inashika moto, kwa hiyo iache ikauke kabla ya kugusa ufunguo. Waya wa silinda ya 3 utoe kwenye kibano cha chuma na uufunge mbali na chuma chochote, lakini usiuache karibu na feni wala bomba la moshi.