Tally na Access: ODBC, XML au Excel?

Daftari_la_Stoo
Wakuu, mauzo na stoo vinaandikwa kwenye Access (programu ya hifadhidata ya Microsoft), vitabu vya hesabu viko TallyPrime (programu ya uhasibu). Ankara ni kama 80 kwa siku, karibu zote zina VAT ya 18%. Ninataka ziingie Tally bila kuchapwa upya, na salio la kila mteja lionekane Access kabla hajakopeshwa tena. Nitumie njia ipi?

LejaKuu
ODBC (kiunganishi cha programu moja kufikia data ya nyingine) ya Tally ni ya kusoma tu, haiandiki vocha (rekodi ya muamala). Kwa salio la wateja inatosha. Kwa ankara haitakusaidia.

Kwenye Tally bonyeza F1, Settings, Connectivity; weka "Both", ruhusu ODBC, porti 9000. Tally lazima iwe wazi na kampuni imefunguliwa, la sivyo hupati kitu. Usiunganishe majedwali moja kwa moja, maana majina ya safu yanaanza na alama ya $ na Access huyavuruga. Tumia pass-through query (swali linalotumwa Tally kama lilivyo, bila Access kuligusa):

SELECT $Name, $Parent, $ClosingBalance FROM Ledger

Kisha chuja kundi la wadaiwa ndani ya Access. Angalia alama: debiti hutoka hasi, kwa hiyo mteja unayemdai 118,000 ataonekana -118000.

Wengi hukwama kwenye biti (toleo la programu, 32 au 64). Access ya biti 32 haiioni DSN (mpangilio wa muunganisho wa ODBC) ya biti 64. Kidirisha cha ODBC cha biti 32 kiko C:\Windows\SysWOW64\odbcad32.exe, cha biti 64 kiko System32. Majina ya folda hizo yanapotosha, lakini ndivyo Windows ilivyo.

VochaMoja
Kwa ankara, XML (maandishi yenye lebo ambayo programu husomeana) bila kusita. VBA ya Access (lugha yake ya kuandikia programu) inajenga maandishi ya XML na kuyatuma kwa POST (ombi la kutuma data) kwenda http://localhost:9000 (localhost ni kompyuta ile ile) kwa kutumia MSXML2.ServerXMLHTTP. Ankara ya 118,000 ina mistari mitatu ya leja (ISDEEMEDPOSITIVE Yes ni debiti, No ni krediti):

Mteja: ISDEEMEDPOSITIVE Yes, AMOUNT -118000
Mauzo: ISDEEMEDPOSITIVE No, AMOUNT 100000
VAT: ISDEEMEDPOSITIVE No, AMOUNT 18000

Jumla lazima iwe sifuri. Ikibaki senti moja, vocha inakataliwa. Ndiyo maana kiasi kihifadhiwe kama Currency, siyo Double, na VAT ikokotolewe mara moja kwa ankara nzima, siyo kuzungushwa kwenye kila bidhaa. Tarehe iandikwe Format(Tarehe, "yyyymmdd"). Jina la leja lifanane na la Tally herufi kwa herufi, na alama ya & kwenye jina la mteja iandikwe & la sivyo XML nzima inavunjika.

Usiridhike na jibu la HTTP 200 (ombi limepokelewa), maana Tally huirudisha hata vocha ikikataliwa. Soma ndani ya jibu: CREATED iwe 1, ERRORS iwe 0, na maelezo ya LINEERROR (sababu ya kukataliwa) yahifadhiwe kwenye jedwali la makosa. Ankara ikipita, weka alama ya "imetumwa" kwenye rekodi yake papo hapo, ili mtu akibonyeza kitufe mara ya pili isiingie tena.

Salio_Sahihi
Excel nayo isidharauliwe. Kuanzia TallyPrime 4.0 inaingizwa moja kwa moja, na inafaa kwa kazi ya mara moja: orodha ya wateja, bidhaa, salio la kuanzia. Ila ankara 80 kila siku kwa faili ni kutafuta marudio, maana mtu mmoja ataingiza faili la jana tu.

Daftari_la_Stoo
Asanteni. Basi ODBC kwa kusoma, XML kwa kuandika. Tally ikiwa kwenye kompyuta nyingine, na kampuni mbili zimefunguliwa?

VochaMoja
Badala ya localhost weka IP ya kompyuta hiyo, na uifanye isibadilike. Jina la kampuni litaje kwenye SVCURRENTCOMPANY (lebo yake ndani ya XML) kila unapotuma, maana usipolitaja vocha zinaingia kwenye kampuni iliyo mbele wakati huo. Jaribu kwanza kwenye nakala ya kampuni, ukianza na ankara moja yenye VAT na moja isiyo nayo.

LejaKuu
Nyongeza, mkuu: porti 9000 haiombi nenosiri kampuni ikishafunguliwa. Yeyote kwenye mtandao wa ofisi anaweza kutuma vocha. Kwenye Windows Firewall iruhusu kwa IP ya kompyuta yenye Access pekee, na kamwe usiifungue kwenye ruta kuelekea intaneti.