Storibodi ya AI: picha nzuri, mpiga picha anasema hazipigiki

MkonoMzito

Wakuu, naombeni msaada kabla sijagombana na mpiga picha wangu.

Naandaa filamu fupi, muswada wa kurasa 14, karibu yote ndani ya chumba kimoja: dada na kaka wanagawana vitu vya marehemu mama yao usiku mmoja. Kuchora sijui, nikichora mtu anafanana na mwiko. Basi nikakaa siku tisa na programu ya AI, naandika maelekezo, yenyewe inatoa picha, mpaka nikapata fremu 62 za storibodi, yaani michoro inayoonyesha kila shoti kabla ya kupiga. Nilijiona mfalme. Mwanga unapenya dirishani, vumbi linaelea, dada amekumbatia shuka la mama. Nikamtumia mpiga picha zote usiku huohuo.

Akanirudishia maswali matatu tu. Dirisha liko ukuta gani? (Nikahesabu: liko kwenye kuta tatu tofauti, na fremu ya 31 halipo kabisa.) Dada anamtazama kaka akielekea kushoto au kulia? Na fremu ya 18, ile ya kutoka juu, kamera imekaa wapi, au tunatoboa dari? Chini akaandika: "Haya ni mabango, si storibodi."

Imeniuma. Sura nazo zinahama: fremu ya 5 dada ana miaka 25, ya 6 ana 40. Je, kuna programu inayoshika sura na chumba visibadilike? Au nitupe zote? Tunapiga baada ya wiki tatu.

PenseliButu

Nimechora storibodi miaka 16, kwa hiyo jua kabisa kwamba nina maslahi hapa. Mpiga picha wako yuko sahihi.

Mkuu, programu hiyo haina chumba. Kila unapobonyeza inabuni kingine kinachoendana na maneno yako, halafu inakisahau. Ndiyo maana dirisha linatangatanga. Wala haina lenzi. Ukiiandikia "lenzi ya milimita 85" inakupa ukungu mzuri nyuma ya mtu, kwa kuwa picha ilizofunzwa nazo zenye maneno hayo huwa hivyo. Haijapima kwamba kwa lenzi hiyo, kwenye sensa ya Super 35 (saizi ya kawaida ya kamera za filamu), kumpata mtu kuanzia kiunoni kunahitaji kamera irudi nyuma kama mita tano. Chumba chenu kina mita ngapi?

Fanya hivi. Chukua karatasi ya miraba, chora chumba kama unakitazama kutoka juu: mlango, dirisha, kitanda, kabati. Waweke wale wawili, piga mstari kati yao, kisha kamera zote zibaki upande mmoja wa mstari huo, ndani ya nyuzi 180. Ukivuka bila sababu, mtazamaji atadhani wote wawili wanatazama upande mmoja. Zipe nafasi za kamera herufi. Nakuhakikishia fremu zako 62 zitajikusanya kwenye nafasi zisizofika kumi. Ndipo uchore miwiko yako. Miwiko inatosha kabisa, mradi nione ni mikubwa kiasi gani kwenye fremu na inatazama wapi.

Storibodi zilishika kasi kwenye studio ya Walt Disney mwanzoni mwa miaka ya 1930: michoro iliyobandikwa ukutani kwa pini, ili ukiona hadithi inakwama unabandua, unahamisha, unatupa. Kutupa ndiyo kazi yenyewe. Wewe umetumia siku tisa, na nasikia kabisa kwenye maandishi yako kwamba hutaki kutupa hata moja.

Kama bado unaitaka AI, iongoze. Jenga chumba kwa maboksi matupu kwenye Blender, programu ya 3D ya bure, weka kamera yenye lenzi mtakayotumia kweli, toa picha, halafu ipitishe Stable Diffusion (AI ya kutengeneza picha) yenye kiongezo cha ControlNet ili ifuate mistari yako badala ya kubuni. Kwa sura, unaweza kuifunza kwa picha chache za mwigizaji, akikubali kwa maandishi. Ila kwa chumba kimoja? Simu na watu wawili wa kusimama, ndani ya saa mbili umemaliza.

RatibaKwanza

Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji hapa. Mnapiga siku ngapi? Kama ni mbili, hizo ni shoti 31 kwa siku. Kwa saa 10 za kazi ni dakika 19 kila shoti, taa zihamishwe humohumo. Na hapo hakuna aliyekula.

AI mimi naitumia kuchambua muswada: vifaa, mavazi, nani yuko onyesho gani. Inaokoa muda, lakini pitia kila mstari. Kuna muswada mhusika anasema kaka yake "amemwaga unga" kazini. Kwenye orodha ya vifaa nikakuta: unga, mfuko mmoja.

Kivuli

Mimi napingana kidogo na PenseliButu. Usizitupe. Chagua sita, mpe mpambaji wa seti na mtu wa mavazi, waone rangi na hali ya usiku huo. Kwa kazi hiyo ziko vizuri kuliko maelezo ya mdomo. Ila zisifike kwenye bango la filamu: Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuzilinda picha za Midjourney (programu nyingine ya AI) zilizokuwa ndani ya riwaya ya picha, ikalinda maandishi na mpangilio tu.

MkonoMzito

Nimerudi. Nimepima chumba: mita 4 kwa 3.5. Lenzi ya 85 kwaheri, tunatumia ya 35.

Ramani imetoa nafasi saba za kamera, na fremu 62 zimebaki 27. Nimechora jioni moja kwa penseli. Mpiga picha kacheka miwiko yangu mpaka machozi, kisha akaninyang'anya penseli akarekebisha mitatu mwenyewe. Sita za AI ziko kwa mpambaji wa seti, naye ana msimamo wake, kashalikataa shuka.

Fremu ya 18 haikufa. Hatutoboi dari, kamera itakaa juu ya kabati la mama, itazame chini kwa mshazari. Wanagawana vitu vyake huku kabati lake linawaangalia. Programu haikunipa hiyo hata mara moja.

RatibaKwanza, ni siku tatu, si mbili. Sasa kuna anayejua kabati la mbao la zamani linabeba kilo ngapi?