Wana wa Majengo: Hitima ya Mjomba Hosi

*Jumatatu*

Shemsa [06:12]: Assalamu alaykum nyote. Jumamosi watimia mwaka tangu Mjomba Omari atutoke. Hitima baada ya alasiri, kwa Mama Mkubwa. Mchango elfu mbili kila mtu mzima, namba yangu ni ile ile. Mwisho Jumatano jioni. Mwenye masufuria nishazungumza naye.

Shemsa [06:14]: Halafu nina wazo. Usiku huo huo baada ya isha tutundike shuka nyeupe uani, tutazame Bonanza, kile kipindi cha tivii cha Wamarekani wa farasi na bastola tulichokitazama utotoni. Mjomba mwenyewe angefurahi. Rayyan ataleta projekta.

Rayyan [07:50]: Shangazi projekta ni ya ofisini 😅 hata sijaomba

Shemsa [07:51]: Omba leo.

Shemsa [12:30]: Naona watu 14 wamesoma. Mmefunga midomo kama mchana wa Ramadhani.

Mbwana [12:58]: Mimi nipo. Nauliza tu, pilau au biriani?

Shemsa [12:58]: Mbwana hilo si swali la kwanza.

Mbwana [12:59]: Kwangu ndilo.

Athmani [13:20]: Waalaykum salaam. Bonanza naiunga mkono. Ila nasema mapema: siwi Hop Sing tena.

Mbwana [13:21]: 😂😂😂 mpishi kaamka

Athmani [13:26]: Wewe cheka. Nyinyi mwapanda upongoo wa mnazi, mwakimbia mpaka Mwembe Tayari na bastola za mabua, mimi nimeachwa kibarazani na kopo nakoroga mchanga. "Hop Sing, chakula tayari?" Miaka mizima. Na Faraj nilimzidi umri, akapewa Adam, kaka mkubwa.

Shemsa [13:28]: Mimi je? Mke wa Little Joe. Kila siku nafishwa kabla ya magharibi.

Mbwana [13:30]: Kanuni ni kanuni. Mzee Ben alioa watatu, Elizabeth, Inger, Marie, wote wakaenda. Ukisikia mwanamke kaposwa na Cartwright, nenda moja kwa moja dukani kwa sanda.

Rayyan [13:41]: Cartwright ndio nani? Na mimi siku zote nadhani Hosi ni jina la Kiarabu 🙈

Athmani [13:43]: Mwanangu wanitia aibu mbele za watu.

Shemsa [13:44]: Baba na wanawe watatu, kila mmoja na mama yake. Shamba lao laitwa Ponderosa, kule Nevada, kando ya ziwa Tahoe. Hoss ni wa katikati, lile pande la mtu na kofia refu. Babu yako Omari alikaa kwenye kitanda cha kamba siku ya harusi ya Bi Time, kamba zikaachia zote. Kutoka siku hiyo ni Hosi mpaka bandarini. Mishahara tu ndiyo iliyokuwa ikimwita Omari.

Mbwana [13:45]: Kitanda kile kililipwa?

Shemsa [13:45]: MICHANGO JAMANI. Mpaka sasa nina ya Athmani peke yake.

Mwanasha [15:10]: Mtungi wa gesi kilo 13 wauzwa, haujatumika sana, nipigie

Mwanasha [15:11]: Samahanini, kikundi kingine

Mbwana [15:12]: Usifute, tutapikia pilau

*Jumanne*

Rayyan [21:05]: Nimeitazama jana mpaka saa nane usiku. Shangazi hii kitu ni ya RANGI. Joe ana koti la kijani. Farasi wake Cochise ana mabaka meusi na meupe. Kofia la Hoss ni jeupe kabisa

Athmani [21:09]: Jeupe? Mimi na Faraj tulipigana mpaka damu, yeye asema la manjano mimi nasema la buluu.

Rayyan [21:12]: Na nimesoma, kituo chao cha NBC kilikuwa cha kampuni ya RCA, na RCA walikuwa watengenezaji wa tivii za rangi. Kipindi kilipoanza 1959 kilikuwa cha rangi ili watu wapate hamu ya kuzinunua

Mbwana [21:14]: Wakapaka rangi mlima, ziwa, farasi na koti, Mjomba akaenda akanunua isiyo na rangi. Biashara ilitupita upande.

Haji Unguja [21:30]: Sisi Unguja tivii ya rangi toka 1973 🙂

Mbwana [21:31]: Haji, 1973 ulikuwa hujazaliwa. Rangi umehadithiwa.

Haji Unguja [21:31]: Ya nchi yangu ni yangu.

Shemsa [21:40]: Haji mchango.

Shemsa [21:58]: Haji?

Athmani [22:03]: Mwajua kilichonishangaza ukubwani? Yule Lorne Greene, baba mtu, kazaliwa 1915. Adam na Hoss wote wawili ni wa 1928. Miaka 13! Nasi twamwona mzee wa busara, mvi kichwani, akisema neno watoto watulia.

Mbwana [22:04]: Kaka yangu kanizidi 13 na hanambii kitu.

Shemsa [22:10]: Mmemaliza? Basi sikilizeni. Ile tivii yenyewe ya Mjomba, ile ya milango ya mbao, tuitoe tuiweke pale mbele kama kumbukumbu, na picha yake juu. Faraj, ulipokuja msibani uliiona wapi?

Zuhura [22:47]: Mwasema tivii ya Mjomba Omari.

Zuhura [22:47]: Ile nusu ni ya baba yangu.

Zuhura [22:52]: Sitaki maneno, lakini kwa kuwa mmeigusa. Walinunua wawili. Marehemu baba alitoa nusu pesa taslimu. Ikawekwa Majengo kwa sababu kwetu Likoni hapakuwa na stima, sawa. Stima ikaja. Tivii haikuja. Sisi tulikuwa sita ndani ya nyumba ile, kesho yake shuleni twahadithiwa Hoss kafanya nini na watoto wa watu baki. Leo itawekwa mbele na picha ya mtu mmoja.

Mbwana [22:53]: Yakhe

Shemsa [22:55]: Zuhura dadangu, mimi nia yangu ni nzuri tu.

Zuhura [22:56]: Najua. Ndiyo maana nimesema hapa, sikwenda pembeni.

Athmani [23:02]: Tumuachie Faraj ajibu.

*Jumatano*

Faraj Maskati [01:17]: Nimetoka kazini sasa hivi, nimesoma yote. Zuhura sina la kukujibu, nilikuwa mtoto kama wewe. Tivii sikuiona msibani na sikuiulizia.

Faraj Maskati [01:31]: Lakini nina jambo langu la tivii hiyo, sijawahi kulisema. Siku moja baba katoka zamu bandarini, kaja na bajia zimefungwa gazeti kuukuu. Kafungua pale mkekani. Ndani ya karatasi, chini ya bajia, picha ya Hoss bila kofia. Mafuta yamemwingia mpaka usoni. Baba akasukuma bajia kando, akawa asoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Kwamba yule mtu jina lake Dan Blocker, wa Texas, amekufa Mei 1972. Alipasuliwa nyongo, damu ikaganda ikapanda mapafuni. Miaka 43.

Faraj Maskati [01:33]: Gazeti lenyewe lilikuwa la miaka nyuma. Na jioni ile ile mukaja nyote, mkeka ukajaa mpaka mlangoni, ramani ikaungua katikati, akatokea juu ya farasi wake acheka. Baba akaniangalia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Usiwaambie wenzako." Sikuwaambia.

Athmani [05:40]: Yaani wewe ulijua.

Faraj Maskati [05:58]: Nilijua.

Athmani [05:59]: Na ukacheza nasi Ponderosa siku zote zile.

Faraj Maskati [06:03]: Mbwana ndiye alikuwa Hoss. Ningemwambiaje?

Mbwana [06:20]: Subhanallah

Mbwana [06:20]: Mimi nimekufa toka utotoni na sikuarifiwa.

Shemsa [06:25]: Mbwana nimecheka na machozi yanitoka, mungu atakulipa. Leo ni Jumatano. Michango imefika saba. SABA. Rayyan, projekta?

Rayyan [08:15]: Wamenikubalia Jumamosi tu. Jumapili asubuhi wanaitaka ofisini. Halafu nishushe ipi? Ziko 431, miaka 14

Faraj Maskati [10:02]: Yoyote, ila si ya mwaka wa mwisho. Blocker alikufa kabla hawajaanza kuurekodi. Kisa cha kwanza cha mwaka ule, Michael Landon, yule Little Joe mwenyewe, alikiandika ili Hoss aoe. Mtu akafa, ndoa ikabidi apewe Little Joe.

Shemsa [10:04]: Na bibi harusi akafa. Nakumbuka.

Mbwana [10:05]: Sanda, nilisema.

Rayyan [10:20]: Huyu Blocker kumbe alikuwa mwalimu kabla ya uigizaji, ana shahada ya pili. Na 1964 waliitwa wakatumbuize Jackson, Mississippi, ukumbi wa watu weusi kutengwa. Akakataa kwenda, Greene na Landon nao wakakataa

Athmani [10:26]: Hilo Mjomba hakulijua. Angelijua angemchinjia mbuzi.

Mbwana [10:27]: Na nyama angekula yeye.

Shemsa [10:30]: Basi yamekwisha. Jumamosi: hitima alasiri, chakula magharibi, Bonanza baada ya isha. Mwanasha shuka mbili nyeupe, zisiwe na maua. Mbwana viti. Athmani mchele.

Athmani [10:31]: Kwa nini mimi ndiye wa mchele?

Mbwana [10:31]: Hop Sing 😭😭😭

Salma [17:44]: Shikamooni wakubwa. Bibi ameniambia nimsomee kikundi chote tangu Jumatatu. Nimemsomea. Amesema niandike kama asemavyo, nisipunguze.

Salma [17:51]: "Nimesikia. Jumamosi ni ya Omari na Mola wake. Siku hiyo uani kwangu hapatundikwi shuka. Watu watoke kwenye juzuu waingie kwenye bastola? Hapana. Mkitaka farasi wenu, wekeni siku nyingine, nami nitatolewa kiti nitazame."

Salma [17:58]: "Zuhura. Tivii iko kwangu, storini, chini ya magunia, haiwaki. Babako Bakari alipopata stima mimi mwenyewe nilimwambia, haya kaichukue. Akanambia, dada, ikija Likoni mimi nitavuka feri kwenda kufanya nini Majengo? Basi kila wiki akavuka. Hata mvua. Wakikaa wawili hao, hawasemi neno mpaka kipindi kiishe. Nusu yake hakuisahau, aliiacha. Na nyinyi watoto sita kuachwa nyumbani, hilo alikosea, na nilimwambia akiwa hai."

Salma [17:59]: "Mbwana apunguze maneno. Pilau."

Mbwana [18:00]: Nimesikia Mama Mkubwa 🙏🏾

Athmani [18:02]: Tumesikia.

Faraj Maskati [18:30]: Tumesikia Mama Mkubwa. Mungu akupe umri.

Shemsa [19:15]: Tumesikia. Nisamehe Mama Mkubwa, niliharakia.

Shemsa [20:40]: Sasa wenzangu, Jumapili baada ya isha yawaje? Rayyan, bembeleza ofisini siku moja zaidi.

Rayyan [20:55]: Shangazi Jumapili hiyo hiyo wana semina, yatumika

Shemsa [20:56]: Jumapili ya pili?

Athmani [21:01]: Mimi ntakuwa nishapanda gari la Nairobi.

Shemsa [21:02]: Basi semeni nyinyi.

Shemsa [21:34]: Naona mnasoma tu.

Zuhura [22:10]: *Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura [22:16]: *Ujumbe huu umefutwa*

*Alhamisi*

Shemsa [06:30]: Zuhura nimepokea elfu nne kutoka kwako usiku. Mchango ni elfu mbili, nikurudishie?

Zuhura [07:12]: Usirudishe. Nyingine ni ya baba.

Shemsa [07:13]: Sawa dadangu.

Shemsa [07:20]: Imebaki watu watano, nawajua. Mwanasha shuka usilete, au lete tu tutatandika. Bonanza siku itatajwa.

Mbwana [07:22]: Itatajwa na nani?

Haji Unguja [11:48]: Nilikuwa shamba mtandao hakuna, nimeona sasa hivi. Hitima ni Jumamosi au Jumapili? Na hiyo Bonanza mtaonyesha ya rangi?