Tupeane uzoefu: mliofika Springfield, Illinois, kuona majengo ya serikali

Mama Neema: Binti yangu ameleta karatasi ya ruhusa, darasa lao linapelekwa Springfield. Nimekumbuka mengi. Watu wetu wengi hapa wanang'ang'ania kuwa mji mkuu wa Illinois ni Chicago, wakati ni Springfield tangu 1839. Mliofika, mwageni hadithi.

Dereva wa Masafa: Kuba la bunge la sasa naliona kutoka mbali kila nikipita. Futi 361, linaizidi hata Capitol ya Washington, bunge la taifa.

Nyar Alego: Umenitonesha, Mama Neema. Mimi nilisimama nje ya Old State Capitol, bunge la zamani, tarehe 10 Februari 2007, Obama alipotangaza kuwania urais. Mama mkwe alikuwa ametutembelea kutoka Siaya. Aliposikia kwamba mjukuu wa Kogelo atahutubia, nani angemzuia? Tukaondoka Chicago kabla ya alfajiri.

Baridi ya Februari mnaijua. Umati ulijaa hadi mbele hatuendi, nyuma haturudi. Tukiwa tunasubiri, mama akanyamaza. Mama yule hanyamazi. Namwita kwa Kijaluo, ananitazama tu, midomo imepauka kama majivu, vidole havikunjiki. Nikapiga yowe. Kiingereza chote kilinitoka, nikabaki na Kijaluo na Kiswahili. Mzee mmoja Mzungu akavua koti lake akamfunika. Akina mama wawili wakamvua glavu, mikono yake wakaificha kwapani mwao. Watu wakapasua njia, tukamwingiza duka la pembeni, akapewa maji ya moto yenye sukari. Hotuba ikaanza tukiwa ndani, tunasikia makofi tu. Neno la kwanza alilotamka: "Nirudisheni nje." Tukambebesha mablanketi, tukamrudisha, naye mama akamwona Obama kwa macho yake.

Mama Neema: Dada yangu, machozi yamenitoka. Mungu awabariki waliomsaidia.

Mtoto wa Kigoma: Mwili umenisisimka.

Fundi Mkuu: Hadithi nzuri, lakini watu wajue lile jengo si la kale hivyo. Miaka ya 1960 lilibomolewa, likajengwa upya juu ya maegesho ya chini ya ardhi. Ukumbi mnaoonyeshwa kuwa ndimo Lincoln, kabla hajawa rais aliyekomesha utumwa, alimosema mwaka 1858 kwamba nyumba iliyogawanyika haiwezi kusimama ni wa kuigiza.

Nyar Alego: Ndugu, nimeeleza mama kukaribia kufa, wewe unaniletea habari za zege?

Mwalimu Mstaafu: Fundi, sema yote. Mawe ya kuta za nje yalipewa namba moja moja, yakahifadhiwa, yakarudishwa mahali pake. Ndani ndiko kulikojengwa upya. Na ni hapohapo Mei 1865 jeneza la Lincoln liliwekwa, maelfu wakapita kumuaga usiku na mchana. Mahali ni palepale.

Fundi Mkuu: Mawe sawa. Ukumbi si uleule. Nasimama hapo.

Mama Zawadi: Acheni kugombana. Mimi iliyonikaa moyoni si ukumbi. Agosti 1908 umati wa Wazungu ulivamia mitaa ya watu weusi mjini humo, ukachoma nyumba, ukawanyonga wanaume wawili, mmoja wao mzee sana, si mbali na bunge. Katika mji wa Lincoln mwenyewe! Mwaka uliofuata ndipo NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, ilipoanzishwa. Tangu 2024 eneo mojawapo la tukio hilo ni eneo la kumbukumbu la kitaifa. Sisi tuliokimbia vita Kongo, nilisimama pale nikashindwa kuongea. Pelekeni watoto huko pia, si kwenye kuba tu.

Mtoto wa Kigoma: Hilo sikulijua kabisa. Asante mama.

Dereva wa Masafa: Ushauri: nendeni majira ya kuchipua wabunge wakiwa kikaoni, mketi roshani muwasikie wakibishana. Obama alikuwa seneta wa jimbo humo kuanzia 1997.

Baba Neema: Hapana, kikao kikiwepo pa kuegesha gari hamna. Nendeni kiangazi.

Mwalimu Mstaafu: Kiangazi jua litawachoma. Oktoba.

Nyar Alego: Mwezi wowote, ila vaeni soksi mbili! Na mlangoni mwa bunge la sasa kuna ukaguzi, visu vya mfukoni acheni nyumbani.

Mtoto wa Kigoma: Chakula je?

Baba Neema: Kuna sahani yao ya mkate, nyama, chipsi, halafu jibini la moto linamwagwa juu ya vyote. Sahani moja inatosha wawili.

Mama Zawadi: Watatu, kama mna watoto.

Mtoto wa Kigoma: Jumamosi ijayo naondoka Peoria asubuhi. Gari lina nafasi mbili, anayetaka aniandikie. Fundi, njoo tukakague hayo mawe.

Fundi Mkuu: Nakuja.