Kutiririsha gemu kutoka seva za mbali: je, niache kununua mashine?

MkaziWaTabata

Wakuu, salaam. Nina kompyuta ya mpakato ya kazi za ofisi, isiyo na kadi ya picha ya maana, na nyumbani tunatumia fiba ya megabiti 30 kwa sekunde. Mpwa wangu, aliyehamia kwangu mwaka huu, anataka PlayStation 5. Nikiangalia bei yake Kariakoo, kisha nikajumlisha bei ya diski mojamoja, naona huenda ikawa afadhali nilipie kila mwezi mojawapo ya huduma ambazo gemu huendeshwa kwenye seva za kampuni, nawe ukaletewa picha yake kama video. Yeye hucheza zaidi mpira na mbio za magari. Mimi napenda gemu za kujenga miji na kupanga vita, ambazo hazina haraka. Naomba maoni ya waliokwisha kuzitumia, siyo ya waliosoma matangazo yake.

Mtanga_Ughaibuni

Ndugu MkaziWaTabata, ninaishi karibu na Frankfurt, na huu ni mwaka wa tatu natumia huduma ya namna hiyo. Sifa yake kubwa ni kwamba kazi yote nzito hubebwa na seva. Kompyuta yangu ya mwaka 2016, ambayo feni yake ililia kama jenereta kila nilipofungua gemu, sasa imetulia kimya, kwa kuwa inachofanya ni kuonyesha video na kupeleka vibonyezo vyangu. Hakuna kupakua gigabaiti 100, wala kurudi kutoka kazini na kukuta gemu inadai isasishwe kwanza.

Zingatia pia kwamba huduma hizi hazifanani. GeForce NOW, ambayo ni ya kampuni ya NVIDIA, haikuuzii gemu, bali unaunganisha zile ulizonunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, na kwingineko, hivyo ukiacha kulipia, gemu zinabaki kuwa zako. Hata hivyo, mwenye gemu lazima aridhie iwekwe humo: mnamo Februari 2020, huduma hiyo ilipokuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye majaribio, watengenezaji wa gemu Activision Blizzard waliondoa gemu zao, na waliozinunua wakabaki wanazitazama tu.

Kasoro niliijua vizuri nilipokuja likizo Tanga. Nilitumia huduma niliyoizoea, kwenye fiba ya kaka yangu ambayo filamu haikwami hata mara moja. Picha ilikuwa safi, lakini nilipobonyeza kutoa pasi, mchezaji alibaki na mpira kana kwamba anaomba ruhusa, na pasi ilipotoka beki alikwisha kufika. Baada ya dakika kumi nilijikuta nabonyeza mapema, nikikisia mpinzani atakuwa wapi. Gemu ya kujenga mji, kwa upande wake, ilichezeka bila shida yoyote.

FundiWaFiba_Mombasa

Yaliyomkuta ndugu wa Tanga hayatokani na kasi ya fiba ya kaka yake, na hapo ndipo wengi hujichanganya. Megabiti ni upana wa bomba. Hazisemi lolote kuhusu urefu wake. Mwanga ndani ya fiba husafiri takriban kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kibonyezo kikienda na picha ikirudi, milisekunde 70 zimekwisha hata kama njia ingenyooka, nayo hainyooki: nyaya hupita baharini, na kila kituo cha njiani huongeza chake. NVIDIA wenyewe wanataka ucheleweshaji, yaani muda huo wa kwenda na kurudi, usizidi milisekunde 80. Filamu haina tatizo hilo kwa sababu mashine huhifadhi sekunde kadhaa za mbele, ilhali gemu haiwezi kuhifadhi kitu ambacho bado hujakibonyeza.

Kuna na suala la data. Kwa picha ya 1080p, yaani HD kamili, yenye fremu 60 kwa sekunde, pendekezo lao ni megabiti 25 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya gigabaiti 11 kwa saa. Mpwa wako akishika bando la simu Jumamosi moja, utalia. Wala usisahau kwamba tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi zetu zilipungukiwa na intaneti kwa siku kadhaa. Mwenye diski aliendelea kucheza.

Kabla ya kulipa chochote, pima ucheleweshaji hadi mji wenye seva, kwa waya badala ya Wi-Fi, saa 3 usiku wakati mtaa mzima uko mtandaoni.

MzeeWaKatriji

Naongeza jambo moja. Google walianzisha Stadia, huduma yao ya namna hiyo hiyo, Novemba 2019, wakaifunga Januari 2023. Walirejesha fedha za gemu na vifaa vilivyonunuliwa kwao, na hilo nawapongeza, ila hakuna sheria ya maumbile inayosema mwingine naye atarejesha. Diski huazimwa, hubadilishwa, huuzwa. Nusu ya gemu nilizomaliza ujanani zilikuwa za jirani.

Mtanga_Ughaibuni

Mzee wangu, kwa diski nakubali, lakini nazo siku hizi nyingi hudai kupakua gigabaiti kadhaa kabla hazijafunguka. Zama za kuchomeka na kucheza zilikwenda na katriji zako, zile kaseti za gemu za zamani.

MkaziWaTabata

Nawashukuruni nyote. Nimepima kama alivyoelekeza Fundi, kwa waya: hadi Frankfurt nilipata milisekunde 171 saa 3 usiku, na 158 saa 11 alfajiri. Kwa gemu zangu za kujenga miji nadhani ningevumilia, ila kwa mpira hapana. Nilimwonyesha mpwa wangu namba hizo, akazisoma, kisha akauliza kwa upole kama maana yake ni kwamba mashine inanunuliwa. Inanunuliwa, lakini iliyotumika, na yenye tundu la diski. Aliyewahi kununua ya namna hiyo hapa Dar, ni kitu gani nikikague kwanza kabla sijatoa fedha?